Kicheko cha Tunu

Siku hizi kitabu cha picha humtazama mtoto anayekisoma, na mchoro unaomliza hujifuta. Mwanahawa, mchoraji wa vitabu hivyo, alilijua hilo vizuri. Hata hivyo, katika kitabu kimoja alimchora marehemu mama yake akisuka ukili wa mkeka barazani, na maneno akayaandika kwa kuiga mwandiko wake uliolalia kushoto.

Bintiye, Tunu, alipokifungua, machozi yakamlengalenga. "Bibi!"

Herufi zikaanza kufifia, kisha vidole vya bibi.

"Cheka, mwanangu!" Mwanahawa akamsihi. "Ukilia kitamfuta!"

Tunu akajilazimisha kucheka. Vidole vikarudi. Wakawa wanakisoma hivyo kila jioni.

Siku walipokwenda kumzuru bibi makaburini, Mwanahawa aliinua mikono kuomba dua. Tunu akalitazama kaburi, akaangua kicheko, kisha akamgeukia mama yake asifiwe.