Siku Tano za Gert

Sanna aliutundika mkoba wa mumewe kwenye mizani ya kupimia mbuzi, akasubiri mshale utulie.

"Kilo kumi na tisa," alisema. "Toa."

"Nitoe nini? Vyote vya lazima."

"Redio ni ya lazima?"

Gert akaitoa redio. Ikafuata mikebe minne ya samaki, taulo la pili, na chupa ya brandi iliyoviringishwa ndani ya soksi. Mshale ukarudi kumi na tatu. Sanna akaongeza nyama kavu ya mbuzi na plasta za malengelenge, akafunga kamba.

Gert alikuwa tarishi wa posta ya Bethanie, na kwa miaka arobaini alikuwa akisema kwamba siku moja atashuka Korongo la Mto Fish na kulitembea lote, kilomita themanini na tano, mpaka kwenye maji moto ya Ai-Ais. Kila mwaka alipata sababu ya kutokwenda. Safari hii alikuwa amestaafu, na yeye na wanaume wawili aliosoma nao walikuwa wamepata kibali cha Septemba. Mwezi Juni Sanna alipiga simu, akakisogeza mpaka Julai. Hakumwuliza mtu.

"Julai usiku ni barafu, mke wangu."

"Septemba mabwawa yanakauka. Baridi ina sweta. Kiu haina."

Akamvalisha viatu vipya wiki tatu mfululizo, nyumbani, dukani, hata kanisani, ambako mchungaji alinyamaza mara mbili katikati ya mahubiri kusubiri soli zimalize kulia.

Walinzi wa geti la korongo hawamruhusu mtu kushuka bila cheti cha daktari, kwa hiyo Sanna alimpeleka pia kwa daktari, mjini Keetmanshoop. Gert aliingia amemshika mkewe mkono. Hospitali zilimtisha tangu zamani: binti yao alipotolewa kidole tumbo, Gert ndiye aliyeacha kula, akazimia koridoni, akalazwa kitanda cha pili. Binti aliruhusiwa kwenda nyumbani kabla yake. Safari hii Gert alipimwa kwa dakika kumi, akakimbilia nje na cheti chake. Sanna alibaki ndani nusu saa.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Malengelenge."

Wiki mbili zilizofuata Sanna alirudi Keetmanshoop mara mbili, peke yake. Akasema anatafuta soksi za sufu.

Jirani yao, Antie Drieka, aliyaona yote kutoka upande wa pili wa ua.

"Sanna wewe! Mwanamke akimfungashia mume kwa bidii hivyo, ujue kuna mtu anangoja mlango ufungwe."

"Anika nguo zako, Drieka."

"Na lile gauni jipya la kulalia nililoliona kwenye kamba? La kumlalia nani, na mzee atakuwa korongoni?"

"La kulalia usingizi."

"Haya, shoga. Usingizi mwema."

Bethanie ni mji mdogo. Kufikia Jumapili hata mwuza mafuta alijua kwamba Sanna ana mtu Keetmanshoop. Gert naye alisikia. Chakula cha jioni alikibakiza.

Jumanne asubuhi Sanna aliwapeleka wote watatu mpaka ukingoni kwa pikapu. Wenzake Gert walitangulia kushuka, wameshika minyororo iliyofungwa mwambani. Gert alibaki juu, mkoba mgongoni, kofia mkononi.

"Watu wanasema, Sanna."

"Wanasema nini?"

"Kwamba unataka niondoke."

"Nataka uondoke. Kamba ya kiatu cha kushoto imelegea."

Gert aliinama akaifunga. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Kule chini simu haishiki."

"Najua."

"Hata ukinihitaji, sitajua mpaka Jumamosi."

"Najua, Gert. Chemsha maji kabla ya kunywa. Usiruke mawe, wewe si mbuzi. Na usithubutu kugeuka njiani. Ukishaanza, maliza."

Gert alimtazama kama mtu anayesoma anwani iliyofutika. Kisha akavaa kofia, akaushika mnyororo, akashuka.

Sanna alisimama pale mpaka kofia ikawa nukta, na nukta ikapotea. Akaingia ndani ya pikapu, akaweka mikono kwenye usukani, asiwashe. Kisha akajitazama kwenye kioo, akatengeneza kitambaa cha kichwa, akawasha.

Kwenye njia panda ya Seeheim, kushoto ni nyumbani. Alipinda kulia.

Keetmanshoop alifika alasiri. Mwanamume mrefu aliyekuwa akimsubiri mlangoni alimpokea sanduku lake dogo.

"Nilidhani utaghairi tena," alisema.

"Siku zile nilikuwa sijapata pa kumweka mume wangu."

Mwanamume yule alicheka kidogo, akamwongoza kwenye chumba cha mwisho, akafunga pazia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka jeupe. Sanna akaketi pembeni, akavua viatu.

Mwanamume akamfunga utepe wenye jina lake kwenye mkono, akatoa kalamu mfukoni mwa koti lake jeupe.

"Kesho saa mbili asubuhi unaingia chumba cha upasuaji, wa kwanza. Titi la kushoto. Usile kitu kuanzia usiku. Mambo yakienda vibaya tumwite nani?"

"Mume wangu. Lakini hapatikani mpaka Jumamosi."

"Mama, Jumamosi inaweza kuwa imechelewa."

Sanna aliipokea kalamu, akatia sahihi kwenye fomu.

"Basi angalau atakuwa ameliona korongo," alisema.