Mke Mwenza wa Darasa la Pili

"Bibi, mjukuu wako harudi darasani mpaka ajifunze adabu," mwalimu aliniambia kabla hata sijakaa. "Jana kachelewa. Namuuliza sababu, ananijibu mbele ya wenzake, 'Nilikuwa namsuka mke mwenzangu.' Darasa zima likaangua kicheko! Mtoto wa darasa la pili ana mke mwenza?"

Mjukuu wangu alisimama pembeni, kidevu kifuani, machozi yanamlenga. Shule anaipenda kuliko usingizi.

Nikavua kitambaa cha kichwani taratibu. Upande wa kulia mistari ilikuwa imenyooka kama matuta. Wa kushoto mvi zimesimama timtim, maana kengele ya shule ililia hajamaliza.

"Mke mwenza ndiye mimi, mwalimu. Tumeolewa sote wawili na babu yake. Yeye ndiye kipenzi, mimi napika tu."

Mwalimu akajaribu kubana midomo, ikamshinda. Alicheka mpaka kalamu ikamdondoka.

"Na huyo mume wenu yuko wapi?"

Tukanyoosha vidole dirishani, sote wawili. Mzee alikuwa getini, ameegemea baiskeli, anasinzia.

Mwalimu akafungua dirisha.

"Shemeji! Amka uchukue mke mmoja! Huyu mdogo ana hesabu sasa hivi!"