Doa la Dafu

Kitendawili! Haya, sema tega. Nyumba yangu imejaa vitu, lakini asiyejua neno la kubishia hodi haoni hata ukuta. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nimekwenda Pangani, nimekula, nimeshiba, nimerudi: ni makala ya mtandaoni.

Makala za Mwatumu wa mtaa wa Mabawa zilikuwa hazionekani watu wakitafuta mtandaoni. Mwenye tovuti alishamwambia, hii ya leo ikikosa wasomaji, asilete nyingine. Na wifi yake, mke wa kaka yake, akachungulia dirishani kumchokoza: "Wifi, nani atakusoma wewe?"

Kidole cha Mwatumu chenye hina kilisita juu ya simu, juu ya kichwa cha makala: Utunzaji Bora wa Mavazi Meupe. Hivi mtu aliyejimwagia dafu atatafuta "utunzaji bora"? Si atatafuta kinachomuuma!

Akafuta. Akaandika: Jinsi ya kutoa doa la dafu kwenye kanzu. Akabonyeza.

Ilikuwa Ijumaa. Wanaume walipotoka msikitini wakapitia madafu, kama kawaida yao. Kufika alasiri wasomaji wanamiminika, wa Mkwaja, wa Pemba, wa Mombasa, na mwenye tovuti anapiga simu kuomba makala nyingine.

Mlango ukasukumwa. Wifi huyo, mikono inachuruzika povu, simu kaibana kwapani.

"Wifi, hapa umeandika ndimu. Naikamua kabla ya sabuni au baada?"

Mwatumu akajiegemeza kitini. "Kwanza nijibu. Nani ananisoma?"

Wifi akacheka mpaka akakaa chini. "Mimi, wifi yangu. Mimi na kanzu ya kaka yako."