Mwendo wa Mama

Kwanza nilisikia kiatu cha kushoto nilichokuwa nikijaribu dukani kikikwaruza sakafu kidogo kabla ya kukanyaga. Mama alikuwa akikimbia hivyo, akiwahi maziwa yasije yakafurika jikoni.

Siku hizi viatu vya mbio haviuzwi vitupu. Kila jozi hubeba mwendo wa marehemu mmoja, nao huongoza miguu ya anayeivaa. Wewe unakimbia dukani, ndugu yako anageukia ukuta na kusikiliza kama anautambua mwendo, ndipo mnachagua. Baba alizikataa jozi nyingi kwa kutikisa kichwa. Kwa hii, aligeuka kutoka ukutani.

"Hii hii," alisema.

"Vitupu hakuna kabisa?" nilimnong'oneza Mbonea, mwenye duka.

Akacheka. "Vitupu! Binti, utafika wapi peke yako?"

Mimi si msemaji; nilikaza kamba tu. Na kweli nilishukuru. Kila asubuhi nilikimbia nikiwa na pumzi nyepesi, Mama yumo kuanzia kisigino hadi goti. Baba, ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi, alianza kuimba akichemsha chai.

Leo niliporudi alikuwa amenipa mgongo, akimimina vikombe viwili.

"Umewahi, Namsifu," alisema.

Namsifu ni jina la Mama. Jana pia aliniita hivyo, nami nikaitika. Juzi vilevile.

Nilivua viatu mlangoni, nikamsogelea peku. Hakusikia mtu akija.

"Asante kwa kunitafutia Mama," nilisema. "Lakini ni mimi, Baba. Ni Nakunda."