Asiyelia

Kule Suguti, mjomba wake Dorah alimnyanyua kila mtoto wa mbwa kwa ngozi ya shingo, mpwa wake achague wa kulinda nyumba. "Anayelia hafai, mama. Wezi watamcheka."

Dorah, ambaye hakuwahi kufuga mbwa maishani, alimtaka yule mweupe aliyemlamba vidole. Mweupe akalia. Mweusi peke yake ndiye aliyening'inia kimya.

"Basi huyu," Dorah akasema, akampakata.

Mjomba akawatia waliobaki kwenye gunia, akaongeza jiwe, akatazama ziwani. "Nani atawalisha?"

Wakalia humo ndani. Mweusi akawasikia, naye akaanza kulia.

"Kumbe na huyu analiaga?" Mjomba akaufungua tena mdomo wa gunia, akangoja.

Dorah akamfumba mweusi mdomo kwa vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa na mate ya yule mweupe.