Mchezo Uliokwama Mezani

Ulikuwa mwaka wa tatu Sumire ameketi mbele ya sufuria ya figili na mayai, na hajatia kitu mdomoni. Mvuke unapanda, shali iko shingoni, na mwanamume aliye mbele yake anangoja kuambiwa afanye nini.

Wa kumwambia alikuwa Kusakabe Noriyuki wa Hamamatsu, mtu wa miaka arobaini na ushee, aliyekuwa akitengeneza peke yake mchezo wa kompyuta wa mapenzi, Sumire akiwa mhusika wake mkuu, ule wa watu wazima, wa kuchezwa mlango ukiwa umefungwa. Watu zaidi ya elfu tatu walikuwa wamemchangia mtandaoni. Aliwaahidi mwaka mmoja. Huu ulikuwa wa tano.

Kila mwisho wa mwezi aliwaandikia ripoti ya kuomba radhi, nao, waliozoea kumwita Mwalimu, hawakumwacha hivihivi.

"Mwalimu, nilichanga nikiwa kapera mwenye nywele. Sasa nimebaki kapera tu."

"Jamani, hata shali hajavua. Kwani huko kwenye mchezo kuna baridi kiasi gani?"

Kusakabe aliwajibu kwamba mitambo inasumbua. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba hajawahi kumwalika mwanamke hata kikombe cha chai, na kila alipofika kwenye ile sufuria, akili ilimkauka. Mvuke alijua kuuchora vizuri sana. Watu wawili wanaambiana nini mbele ya mvuke huo, hapo ndipo alipokwama.

Ndipo akajitokeza Isogai Chizuru, mpokea wagonjwa wa kliniki moja ya meno. Aliandika kwamba naye ni mchangiaji, anakaa mji huohuo, na yuko tayari kumsahihishia maneno ya wahusika bila malipo. Kusakabe akamtumia kurasa kumi. Zilirudi zimejaa wino mwekundu.

"Hapa umeandika, 'Macho yako yameremeta kama lulu,'" Chizuru alimwambia walipokutana. "Nani anaongea hivyo mbele ya chakula, Bwana Kusakabe?"

"Sumire anapenda."

"Sumire hajala miaka mitatu, atapenda chochote. Twende tukajaribu kwanza, halafu ndiyo uandike."

Wakajaribu. Kila Jumapili mchana waliingia kwenye mkahawa mdogo nyuma ya stesheni, wakaagiza sufuria moja, na Kusakabe akafungua daftari lake. Chizuru ndiye aliyelipa kila mara, na kila mara aliomba risiti. Kusakabe aliona ni tabia ya watu wa kliniki.

Siku ya kwanza Kusakabe alimchukulia yai kwa vijiti vyake mwenyewe vya kulia.

"Geuza," Chizuru alimwambia. "Ukimpakulia mtu, unatumia upande ambao hujautia mdomoni."

Akaandika: geuza vijiti. Akageuza mwaka mzima, kwa nidhamu ya mwanajeshi. Kisha Jumapili moja akasahau, akamwekea yai bila kugeuza, na Chizuru akalila taratibu bila kusema neno. Hilo nalo aliliandika, akalitia kwenye mchezo, na kwa mara ya kwanza Sumire akaonekana mtu.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda mbio. Kufikia mwezi wa sita sehemu ya mwisho ilikuwa tayari, kuanzia sufuria hadi shali na yanayofuata shali. Lakini Chizuru alitikisa kichwa.

"Bado. Hapa kwenye shali umeharakisha. Jumapili tujaribu tena kula."

Wakala Juni, wakala Agosti, wakala hadi majani yakaanza kudondoka. Mnamo Novemba wachangiaji walitoa neno la mwisho: mchezo utoke kabla ya mwaka kwisha, ama mradi ufungwe na jina lake lianikwe.

Kusakabe alikonda. Alikuwa anampenda yule mwanamke, tena vibaya sana, na hesabu ilikuwa nyepesi: mchezo ukitoka, hakuna tena cha kusahihisha, na pasipo cha kusahihisha hakuna Jumapili. Aliwahi hata kuiangalia kompyuta yake na kikombe cha chai kwa zamu, akifikiria ajali ndogo. Lakini watu elfu tatu walikuwa wamemngoja miaka saba, na yeye ni mtu mwenye haya.

Jumapili ya pili ya Desemba aliketi mbele ya sufuria, simu mkononi.

"Nimemaliza," alisema.

Vijiti vya Chizuru vilisimama hewani. "Umemaliza nini?"

"Mchezo. Nawatangazia sasa hivi."

"Ngoja kwanza, Bwana Kusakabe. Ule mwisho sijausahihisha."

"Umeusahihisha mara kumi na nne, Bi Isogai."

"Ya kumi na tano je?"

Akabonyeza, kwa moyo wa mtu anayejing'oa jino mwenyewe. Akailaza simu mezani akasubiri shangwe, au matusi.

Simu yake ilinyamaza kimya. Iliyolia ni ya Chizuru. Ililia mara moja, mara tatu, kisha mfululizo, mpaka mpishi akachungulia. Chizuru aliiva uso hadi masikioni. Akaishika simu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akamsogezea.

Ulikuwa ukurasa wa wachangiaji wa Kusakabe mwenyewe, ambako yeye hakuwahi kualikwa. Juu paliandikwa: "Mradi wa pili: kumpatia Mwalimu mtu wa kula naye, apate cha kuandika. Wachangiaji: elfu tatu na mia moja. Ahadi ya kukamilika: Aprili ya mwaka jana."

Chini yake zilifuata ripoti ishirini za kuomba radhi kwa kuchelewa, zote zimetiwa saini na Isogai Chizuru. Ya asubuhi hiyo ilisema: "Wapendwa, nisameheni tena. Mwalimu ameiva tangu mwezi wa sita. Anayewachelewesha ni mimi, na naomba Jumapili nyingine."