Alama Nne kati ya Tano

Picha ya kibofu ilizunguka sebuleni kwa Elinami, Nkoaranga, kutoka mkono hadi mkono. Kila mzee wa ukoo aliiinua dirishani, akakunja uso, akatikisa kichwa kama mtaalamu. Mzee Thomasi aliishika kichwa chini miguu juu na bado akapata la kusema.

"Huu weusi siupendi."

Elinami alikuwa kwenye kochi kubwa, shuka limemfunika magoti. Kila aliyeingia alimpa pole kwa mikono miwili. "Jikaze, Baba Anande." Naye alijikaza, kwa kuguna mpaka akasikika jikoni. Mkewe, Mama Anande, alimwekea pande nono la nyama juu ya ndizi, maana wote walisema lazima ale apate nguvu.

"Ile mashine ya MRI mjini si mchezo," Elinami alieleza. "Inagonga kama mafundi wanaezeka bati. Nilitoka jasho."

Picha za siku hizi, alisema, zinafuata hata maji yanavyotembea ndani ya nyama ya mwili. Yanapokwama, hapo pana jambo. "Basi daktari ametoa alama nne kati ya tano."

Hans, mwalimu mstaafu, alipiga meza. "Asilimia themanini! Hiyo ni A!"

Sebule nzima ilishusha pumzi. Wawili walisema Bwana asifiwe. Ikabidi Elinami awakatishe furaha: hapa alama zikipanda, hali ndiyo mbaya. Nne maana yake uvimbe huenda umeshaingia kwenye msuli wa kibofu, na daktari anataka kukitoa kabla haujasambaa. Kitanda amekishikilia mpaka jioni ya leo, baada ya hapo kinapewa mwingine.

"Nikamwambia, daktari, mimi siwezi kuamua bila ukoo."

Walimsifu sana kwa hilo. Kisha wakasali. Aliyeongoza ni Mzee Sifaeli, mtu asiyejua kufupisha. Aliombea kibofu, mashine, daktari, mvua na barabara. Walipofumbua macho, Jackline, binti wa jirani, alikuwa anamimina chai.

"Kibofu kikitolewa, mkojo utapitia wapi?" aliuliza Thomasi.

"Kwenye mfuko. Unabandikwa tumboni."

"Hata usiku?"

Elinami alijifuta macho kwa ncha ya shuka. "Hapo ndipo roho inaponiuma. Nitaishije na mfuko ule chumbani, jamani?"

Walimhurumia, kila mmoja akiangalia tumbo lake mwenyewe.

"Na kahawa imeiva," alisema Hans. "Nani atavuna? Ng'ombe watakatiwa majani na nani?"

Swali hilo liliwagusa kuliko uvimbe wenyewe. Habari ya kufa ilikuwa imejadiliwa kwa utulivu, watu wakitafuna. Habari ya kahawa iliwafanya waweke vikombe chini. Thomasi alisema madaktari wa siku hizi wana haraka ya visu. Sifaeli alisema uvimbe uliokaa kimya muda wote huo hauwezi kushindwa kusubiri kidogo. Hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Wakaamua kwa sauti moja, wakiwa wameshiba: hakuna operesheni mpaka mavuno yaishe. Elinami aliwashukuru, shuka likamdondoka, akageukia mlango wa jikoni.

"Mama Anande! Acha hivyo vyombo, njoo usikie ukoo ulivyoamua kuhusu kibofu chako."

Jackline ndiye aliyechungulia. "Shikamooni wazee. Mama alishuka mjini na boda mlipofumba macho kusali, saa hizi ameshapewa kitanda. Vikapu vya kuvunia kahawa ameviacha hapa nje, amesema kila mzee achukue chake."